Opera ya Kichina ndani ya kibanda cha vidio Kawangware

Mpwa wangu ana miaka 13, na anaweza kujirusha kinyumenyume hewani akatua wima juu ya changarawe. Niliyaona haya kwa macho yangu mwezi uliopita kule Kawangware, nyuma ya ploti anapokaa na mamake, nikajikuta nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Mamake, dadangu wa tumbo moja, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kaka, nilikuita uje umkanye, sio uje umtazame."

Basi wenzangu, hiyo ndiyo iliyonitoa Mombasa. Nilipanda treni pale Miritini, reli hii waliyotujengea Wachina ikafunguliwa 2017, na ambayo wafanyabiashara wa makasha hapa kwetu wana maneno yao juu yake, lakini leo si siku yake. Nikashuka Syokimau, nikaingia mjini, kisha matatu namba 46 hadi Kawangware. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kijana: masomo, shingo inayovunjika mara moja tu, mama anayelea peke yake. Kumsomesha opera ya Kichina hakukuwa kwenye mpango.

Ilianzia kwenye kibanda cha vidio. Kijana aliniomba Jumapili jioni tuende pamoja, nami nikaona ndiyo nafasi ya kuongea naye bila mamake kusikia. Kibanda chenyewe ni mabati pande zote, mabenchi kama ya chuoni, runinga moja kubwa mbele. Kiingilio shilingi 20. Kwetu Majengo na Kisauni vilikuwako vingi vya namna hii kabla ya simu kuvimeza. Filamu ilikuwa Drunken Master ya mwaka 1978, ya Jackie Chan, na juu yake sauti ya msimulizi kwa ule mtindo wa akina DJ Afro: Kiswahili cha mtaani, vichekesho visivyokuwamo kwenye filamu, na maonyo kwa adui kabla hajapigwa. Ukumbi wote ulikuwa unacheka.

Kijana akanigusa kiwiko. "Mjomba, ona vile anapigana!"

Nikatazama. Yule mtu alikuwa amelewa, au anaigiza ulevi, anaanguka bila kuanguka, anazungusha benchi kama mwiko wa ugali, na kila baada ya mapigo kadhaa anasimama kabisa, kifua mbele, jicho limekaza, kana kwamba anapigwa picha. Pale kwenye kusimama ndipo nilipomtambua.

"Huyu hapigani," nikamwambia. "Huyu anacheza opera."

Alinitazama kama mtu anayeona mjomba wake amezeeka ghafla.

Nieleze nilijuaje. Miaka michache iliyopita niliteguka mguu vibaya, nikalazwa kitandani wiki tatu. Usiku usingizi haukuja, na kwenye king'amuzi kulikuwa na chaneli ya Kichina ambayo kila usiku wa manane ilionyesha watu waliopakwa rangi nyuso nzima, nguo za hariri zinazoburuta, ndevu mpaka kiunoni, wakiimba kwa sauti nyembamba. Usiku wa kwanza nilidhani ni paka amekanyagwa mkia. Wiki ya pili nilianza kuwajua kwa nyuso. Wiki ya tatu mke wangu alikuta nimemngojea mmoja wao kama watu wanavyongojea mpira. Nilipopona nikaanza kusoma, na mpaka leo nasoma.

Jackie Chan alizaliwa Hong Kong mwaka 1954. Alipokuwa na miaka kama 7 wazazi wake, waliokuwa wanakwenda Australia kufanya kazi katika ubalozi wa Marekani, walimkabidhi kwa mwalimu aitwaye Yu Jim-yuen, aliyekuwa na shule ya opera ya Beijing. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Mtoto analala hapo, anakula hapo, anaamka kabla ya jua kujinyoosha miguu mpaka goti liguse kichwa, anasimama kichwa chini miguu juu kwa muda ambao mimi singeweza hata kusimama kawaida. Akikosea hupigwa fimbo, na mkataba ulimruhusu mwalimu kumwadhibu apendavyo. Sammo Hung na Yuen Biao walikuwa wanafunzi wa shule hiyohiyo. Walijifunza kuimba, kusema, kuigiza na kupigana kwa ajili ya jukwaa. Walipomaliza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wateja wa opera walikuwa wamepungua sana Hong Kong. Wakaingia kwenye filamu kuangushwa kutoka ghorofani kwa niaba ya waigizaji wenye majina. Yale makalio ya kuanguka bila kuvunjika ndiyo yaliyowalisha.

Na Bruce Lee, ambaye jina lake limechorwa kwenye magari na vinyozi kutoka Kawangware mpaka Likoni? Alizaliwa San Francisco mwaka 1940 kwa sababu babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni na alikuwa huko kwenye ziara ya kundi lake. Kijana alipolisikia hili hakubishana tena. Aliniuliza, "Sasa hiyo opera yenyewe ni nini?" Tukatoka nje, tukakaa kwa muuza mahamri, nikaanza.

Nilimwambia asahau opera ya Kizungu, yule mama mnene anayeimba amesimama mahali pamoja. Opera ya Wachina ni mambo manne kwa pamoja: kuimba, kusema kwa mahadhi, kuigiza kwa mwili, na kupigana pamoja na sarakasi. Mwigizaji hawezi kuchagua moja akaacha mengine. Na wahusika wamegawanywa tangu zamani kwa aina: sheng ni wanaume, dan ni wanawake, jing ni wale wenye nyuso zilizopakwa rangi nzima, majemadari na mahakimu na majitu, na chou ni mchekeshaji, ambaye hupakwa doa jeupe katikati ya uso tu, puani na machoni. Mtoto akifika shuleni mwalimu humtazama umbo, sauti na macho, akamwambia wewe ni wa aina hii. Wengi hawaiachi mpaka kufa.

Rangi za uso nazo zina lugha yake. Nyekundu ni mtu mwaminifu, kama jemadari Guan Yu. Nyeupe ya uso mzima ni mjanja asiyeaminika, na Cao Cao ndiye mwenye hiyo. Nyeusi ni mtu mnyoofu asiyepinda. Hakimu Bao Zheng, aliyeishi kweli katika karne ya 11, huja na uso mweusi tititi na mwezi mwandamo mweupe kwenye paji. Nilipouona mara ya kwanza nilikaa kitako nikidhani ni Mwislamu. Siye; huo mwezi ni wa hadithi zao wenyewe. Mtazamaji wa Kichina aliyekaa nyuma kabisa, asiyesikia neno, anajua nani wa kumwogopa mara tu pazia linapoinuka.

Lakini kilichonishika mimi hasa ni jukwaa. Jukwaa la opera ya Beijing lina meza moja na viti viwili, basi. Meza ni meza, kisha ni mlima, kisha ni kitanda, kisha ni baraza la hakimu. Mtu akiingia na mjeledi wenye vishada amepanda farasi, na rangi ya vishada ndiyo rangi ya farasi. Bendera mbili zilizochorwa magurudumu ni gari la kukokotwa. Akizunguka jukwaa mara moja amesafiri siku nyingi. Kuna mchezo mmoja, unaitwa Sanchakou, ambao watu wawili wanapigana ndani ya chumba cha wageni gizani. Taa za ukumbi zote zinawaka. Wewe unaona kila kitu, wao hawaoni kitu. Upanga unapita upana wa kidole mbele ya pua ya mwenzake, naye hajui, anapapasa hewa. Ukumbi mzima unashika pumzi.

Na kuna mwingine, Qiu Jiang, maana yake Mto wa Vuli. Msichana anamfuata mpenzi wake aliyeondoka kwa chombo, anamwomba mzee mvuvi amvushe. Hakuna mashua. Kuna kasia moja tu mkononi mwa mzee. Msichana anapanda, mzee anadidimia magoti. Mzee anasogea mbele, msichana anainuka. Mmoja juu, mwingine chini, na katikati yao kuna chombo ambacho hakipo na wewe unakiona kinayumba. Mimi na dadangu tulikuwa tukipelekwa Lamu kwa nyanya kila likizo, tumepanda mashua toka utotoni, tumetapika ndani yake. Ninamjua mtu aliyesimama chomboni kwa magoti yake tu. Wale walikuwa majini, wallahi.

Muziki unaongozwa na jinghu, fidla ndogo ya nyuzi mbili yenye sauti kali inayomfuata mwimbaji kama kivuli, na mpiga ngoma ndogo ndiye amiri wa wote, akipiga, upatu na matoazi hufuata. Wenye masikio ya taarab hawatapata shida. Sisi tumeshika udi wa Waarabu, dumbak, mahadhi ya filamu za Kihindi kwa kina Juma Bhalo, na ile tashkota ya taarab ya Mombasa, ambayo ni chombo cha Kijapani kilichotufikia kikazamia na kupata uraia.

Hadithi yake ni ndefu, nitaipitisha upesi isipokuwa mahali pawili. Katika karne ya 8 mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang aliweka wanamuziki na wachezaji wafundishwe katika bustani ya mipea ya jumba lake, na mpaka leo waigizaji wa Kichina hujiita wanafunzi wa Bustani ya Mipea. Tamthilia zenye hadithi kamili zilikua na kushamiri Wamongolia walipotawala China, 1271 hadi 1368.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwandishi mmoja wa enzi hiyo, Guan Hanqing, aliandika mchezo wa mjane kijana aitwaye Dou E. Babake alikuwa msomi fukara aliyemwacha angali mdogo nyumbani kwa mkopeshaji, akaenda kutafuta cheo. Msichana akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na mama mkwe. Mtu mwovu akataka kumwoa kwa nguvu, akakataa. Yule mtu akatia sumu ili amuue mama mkwe, ikanywewa na baba wa huyohuyo mwovu, akafa. Dou E akasingiziwa. Walimpiga hakukiri. Waliposema basi tutampiga mama mkwe, akakiri. Kabla ya kukatwa kichwa alisema: kama sina hatia, damu yangu haitadondoka chini, itaruka juu kwenye kitambaa cheupe, theluji itaanguka katikati ya joto, na mvua haitanyesha hapa miaka mitatu. Ikawa hivyo yote matatu. Babake akarudi akiwa afisa mkubwa, na faili la kwanza lililomjia mkononi lilikuwa la bintiye. Mchezo huu umechezwa kwa zaidi ya miaka 700. Nilipomsimulia kijana pale kwa muuza mahamri, yule mama muuzaji aliacha kukaanga. Alisema, "Hii ni ya hapa Kawangware, mkubwa. Wewe sema tu umeitoa China." Halafu akanyamaza, na sikumuuliza ana nani ndani.

Baadaye, karne ya 16, ikaja kunqu kutoka Kunshan karibu na Suzhou, opera ya wasomi, laini, ya filimbi. Tang Xianzu aliandika Banda la Peoni mwaka 1598, onyesho 55, na alikufa 1616, mwaka uleule aliokufa Shakespeare. Mwaka 1790 makundi kutoka Anhui yalianza kwenda Beijing kumwimbia mfalme Qianlong akitimiza miaka 80, wakabaki, wakachanganya mahadhi yao na ya Hubei, na huko ndiko ilikotoka hii tunayoiita opera ya Beijing.

Wanawake walikuwa wamekatazwa kupanda majukwaani, kwa hiyo sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume. Najua hapa kuna wasomaji watakaoguna, na mimi mwenyewe dini yangu inanifunza kwamba mwanamume hajifananishi na mwanamke. Sitalificha hilo wala sitalifanya hotuba. Naeleza yaliyokuwa. Mkubwa wao alikuwa Mei Lanfang, aliyeishi 1894 hadi 1961. Alicheza Marekani mwaka 1930 na Moscow 1935, na huko Moscow mwandishi wa Kijerumani Bertolt Brecht alimwona akashangaa hata akaibadilisha fikra yake juu ya uigizaji. Wajapani walipoivamia China, Mei alifuga masharubu. Mwenye masharubu hawezi kucheza bibi harusi, ndiyo ilikuwa njia yake ya kukataa kuwatumbuiza.

Mahali pa pili nitakapokaa ni kwa mtu ambaye nadhani wasomaji wetu wengi hawajamsikia. Ma Lianliang alizaliwa Beijing mwaka 1901 katika jamaa ya Wahui, Waislamu wa Kichina. Akapelekwa mtoto kwenye shule ile kali ya opera iliyokuja kujulikana kama Fuliancheng, akatoka humo akawa mmoja wa waigizaji wakubwa wa wazee wenye ndevu, wenye heshima, wenye sauti. Mwaka 1961 alicheza sehemu ya Hai Rui, afisa wa kweli wa enzi ya Ming aliyejulikana kwa kumsema mfalme wake usoni. Mchezo uliandikwa na mwanahistoria Wu Han. Mwezi Novemba 1965 gazetini yakatoka makala ya kuushambulia mchezo ule, na makala hayo ndiyo yaliyowasha moto wa Mapinduzi ya Utamaduni. Ma Lianliang alidhalilishwa na vijana wa mapinduzi, akafa Desemba 1966. Kosa lake lilikuwa kuvaa joho la mtu aliyesema kweli miaka 400 kabla. Miaka 10 iliyofuata michezo ya zamani ilifungiwa, ikabaki michache iliyopitishwa na Jiang Qing, mke wa Mao. Ilirudi baadaye, na UNESCO imeiandika: kunqu mwaka 2001, opera ya Kikantoni 2009, ya Beijing 2010. Lakini wazee ndio wengi ukumbini, na wakufunzi wanahangaika kupata watoto. Shida hiyo tunaijua.

Kwani sisi si wageni kwa watu hawa. Nguzo ya kaburi pale Mambrui imepachikwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa Uchina twiga. Zheng He, amiri wa majahazi yale makubwa, alikuwa Mwislamu wa Yunnan, na wenzetu wa Siyu bado wanasimulia juu ya mabaharia wa Kichina waliozama wakabaki. Vyombo vyao tuliviweka ukutani na makaburini. Nyimbo zao hazikushuka.

Jumamosi iliyofuata kijana alinipeleka Kibera, akanionyeshe kundi analotaka kujiunga nalo. Tulipita kwanza Makina, kwa rafiki yangu Mnubi ambaye bintiye alikuwa anaolewa. Wanubi ndio waliopaita mahali hapo Kibra, msitu kwa lugha yao, babu zao wakiwa askari wa Kingereza waliotoka Sudan, na ilibidi wangoje mpaka 2017 kupewa hati ya ekari 288. Kina mama walikuwa wanacheza doluka, wamevaa gurbaba, mmoja mzee sana akiongoza wimbo na wengine wakimjibu. Nikamkumbuka nyanya yetu na lelemama yake, enzi za Ibinaal Watan na Banu Saada, walivyoshindana mpaka mitaa haisemezani. Leo Mombasa nikitafuta msichana wa miaka 20 anayeweza kucheza lelemama sijui nianzie mlango gani. Yule mama wa Makina alikuwa na wajukuu watatu wa kike nyuma yake, wanamwiga hatua. Hakuna aliyewapiga fimbo.

Kundi la sarakasi lilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa jamii, magodoro ya zamani chini, vijana kama 15. Mkufunzi ni mtu wa makamo, mpole, ambaye aliwahi kufanya kazi miaka miwili kwenye bustani ya burudani kusini mwa China. Nchi zetu hizi zina historia hapo. Tanzania ilipeleka vijana China kusomea sarakasi miaka ya 1960, na hapa Nairobi ukumbi wa zamani wa sinema wa Shan, Ngara, leo ni wa wanasarakasi. Nilimuuliza nililotumwa kuuliza: wangapi wameumia? Hakunizungusha. Alisema mikono miwili imevunjika tangu aanze, yote kwa watoto waliojaribu peke yao nje, bila godoro. "Kama huyu wako," akasema, akimwangalia mpwa wangu. Kisha akaniambia alipokuwa China aliona watoto wa opera wakinyooshwa miguu na walimu wamewakalia mgongoni, wanalia, na kwamba wao wana msemo, dakika moja jukwaani ni miaka 10 nje ya jukwaa. "Mimi nachukua hiyo miaka 10," akasema. "Kulia sichukui."

Nilirudi Kawangware na maneno tofauti na niliyoyapanga kwenye treni. Nilimwambia dadangu wazi: mtoto ataruka, ukimruhusu au usimruhusu. Tofauti ni changarawe au godoro. Alinyamaza muda mrefu. Akasema wewe ni mwanamume, unarudi Mombasa kesho kwa treni yako, akivunjika shingo nitabaki naye mimi. Sikuwa na jibu la hilo. Tukakubaliana kwa shingo upande: Jumamosi alasiri tu, baada ya chuo, nauli natuma mimi, na akishuka alama darasani mwisho wa muhula basi. Nyuma ya ploti marufuku. Kijana aliitikia haraka mno, jambo lililonitia wasiwasi.

Usiku ule umeme ulikatika. Tukakaa ukumbini na taa ya simu, na kijana akataka nimwonyeshe ule mchezo wa mashua. Nikashika fimbo ya kupigia deki, nikawa mzee mvuvi, yeye akawa abiria. Tukajaribu mara tatu. Kila mara tulididimia pamoja, na jirani aliyekuwa mlangoni akauliza kama ni mazoezi ya mgongo.

Dadangu alikuwa amekaa na kikombe cha chai, bado amenuna. Akakiweka chini. "Nyinyi mmesahau maji," akasema. Akafunga leso kiunoni, akamsukuma mwanawe kando, akasimama mbele yangu. "Haya, kaka. Tia kasia. Si hivyo, mkono wa nyuma. Sasa ngoja wimbi."